Koo la Ziwa

Kila mwaka hufika wiki moja ambayo mimi, mtoto wa Ng'ambo ya mjini Unguja, husimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu nikiwafundisha ziwa la barafu. Theluji sijapata kuiona na sina tamaa ya kuiona. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya ukwaju, inayogandishwa kwenye vifuko vya nailoni ikauzwa mlangoni kwa mtu. Lakini mtaala umesema ziwa la barafu, na mtaala haubishani na mwalimu, basi nashika chaki.

Nawaambia hivi. Kwenye milima mirefu theluji huanguka ikalaliana, miaka kwa miaka, mpaka ya chini ikawa barafu ngumu kama jiwe. Barafu hiyo ikishakuwa nzito huanza kuteremka bondeni, taratibu mno, hata ukikaa kutwa nzima kuitazama hutaiona ikisogea. Inateremka huku inakwangua. Inang'oa mawe, inalichimba bonde likawa pana na refu, na mbele yake inasukuma lundo la mawe na udongo. Ukija wakati wa joto, barafu inayeyuka na kurudi nyuma, na lile lundo inaliacha pale pale mdomoni mwa bonde. Maji yakishuka yanakuta njia imezibwa. Hapo ndipo ziwa linapozaliwa. Maji yake ni baridi ya kukata vidole, na rangi yake ni buluu iliyotiwa maziwa kidogo, kwa ajili ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Kando yake hapaoti kitu ila majani mafupi na kuvu wa mawe. Kitabu chetu kina picha moja ya ziwa kama hilo, na kila mwaka wasichana wa mbele huniambia, "Mwalimu, pazuri!" Nawaambia ndiyo, pazuri, lakini lile lundo halikujengwa na fundi. Siku likizidiwa linaachia, na vijiji vya chini vinaondoka na maji.

"Lundo hilo liiteni kifusi," huwaambia. "Mkitaka kulijua ziwa lolote, msiulize maji yanaingilia wapi tu. Ulizeni yanatokea wapi, na kitu gani kimeyaziba."

Nimeyasema maneno hayo miaka kumi na minne, kwa sauti ya mtu anayejua. Na miaka yote hiyo nilikuwa naishi ndani ya ziwa, na kilicholiziba nilikuwa nakijua. Kilikuwa choo chetu.

Watu wa mji huu tuna mazoea ya kufukia maji tukabaki na majina. Darajani hapana daraja. Ng'ambo ni ng'ambo ya hori, mkono wa bahari ambao leo huuoni. Lilifukiwa, na juu yake yanapita magari. Mtaa wetu nao, huko mwisho kabisa wa Ng'ambo, una neno ziwa ndani ya jina lake, na hakuna aliyejiuliza kwa nini, kama ambavyo hakuna anayeshuka Darajani akaanza kutafuta daraja. Tulijenga. Wa kwanza kujenga ndani ya ziwa lenyewe alikuwa baba yangu.

Nieleze mahali palivyo, maana ndiyo kazi niliyosomea. Unguja haina milima ya kutajwa. Chini yake ni jiwe la matumbawe, limetoboka ndani kwa ndani kama mkate wa kumimina, na juu ya jiwe pana udongo, kwengine mwingi, kwengine kiganja tu. Pale kwetu ardhi imebonyea ikawa sahani pana, na chini ya sahani pana udongo wa kinamo, mweusi, unaonata kwenye kiatu mpaka ukitembea unajiona mrefu. Masika yakifika, maji ya mitaa yote ya juu yanashukia hapo. Kabla ya nyumba, pembeni palilimwa mpunga na majimbi, katikati yakiota mayungiyungi, na yangeyange walijaa weupe juu ya maji asubuhi. Ziwa lilikaa wiki chache, kisha likaondoka. Halikukauka kwa jua, kwani jua la kipupwe halina nguvu hizo. Maji yalimezwa. Upande mmoja wa sahani ile palikuwa na tundu kwenye jiwe, upana wake kama mdomo wa kisima kidogo, na wenyeji wakiliita koo la ziwa.

Kila mwaka kabla ya mvua, wanawake wa pale walikwenda na majembe na mapakacha kulisafisha koo hilo. Walitoa majani makavu, matope, na ndago zilizoota mdomoni, wakimaliza wakapika uji na kuunywa hapo hapo. Shughuli yenyewe waliiita kulikohoza ziwa. Haya yote niliyapata kwa jirani yetu, bibi mmoja aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa wakati hapajakuwa na hata nyumba tatu, akaolewa mbali, akarudi mjane akakuta pameshajengwa. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini chini ya yetu, na huyo ndiye aliyekuwa akituuzia mtaa mzima barafu za ukwaju. Aliponisikia nafundisha ziwa la barafu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ziwa zima la barafu!" akasema. "Na nani anolitia ukwaju?"

Baba yangu hakuzaliwa pale. Alikuwa fundi mwashi kutoka Makunduchi, aliyekuja mjini kutengeneza kuta za Mji Mkongwe, na kiwanja chetu alikipata katika miaka ambayo mvua zilikuwa haba na ziwa lilikuwa halijajaa muda mrefu, hata kulikohoza kumeshaachwa. Aliona uwanja mkavu wenye nyufa, akaona ni bahati. Mwenye kujenga Unguja anajua adha ya kuchimba karo la choo: ni kulipiga jiwe kwa tindo na nyundo wiki nzima mpaka mikono itoke malengelenge. Baba alipopima uani kwetu akakuta tundu lililo tayari. Nilikuwa na miaka minane. Aliniita, akanipa kokoto, akaniambia nitumbukize nisikilize. Nikatumbukiza, nikatega sikio, nisisikie kitu.

"Mungu katuchimbia," akasema, akicheka.

Jioni ile alirudi kutoka msikitini hana kicheko. Mzee mmoja alikuwa amemwambia lile tundu ni nini. Nilimsikia akimweleza mama jikoni, na mama akimuuliza atafanyaje, naye akajibu kwamba ziwa limekufa, koo la maiti lina kazi gani? Siku ya pili alikwenda madukani Mlandege kununua nondo na saruji. Akalifunika tundu kwa zege, akaacha nafasi ya choo tu, akalizungushia mawe na kifusi, akasimamisha ukuta wa ua juu yake. Mimi nilimletea maji ya kuchanganyia kwa kopo. Alipomaliza aliniangalia akaniambia, "La nyumbani halivuki mlango." Hakunipiga wala hakunitisha, alinambia kwa upole, na kwa sababu ya upole huo sikuwahi kumvunjia neno lake.

Sitaki asomwe kama mtu mbaya. Alikuwa na mke na mtoto na kiwanja kimoja, na aliamini alichotaka kukiamini, kama sote. Baadaye wakaja wengine, wakajenga, kila mmoja akamwaga kifusi chake kuinua msingi. Mvua ziliporudi maji nayo yakarudi, kwanza ya kulowesha nyayo, kisha ya magoti, na kila mwaka yakichelewa zaidi kuondoka. Watu wakalaumu mitaro, wakalaumu serikali, wakalaumu waliojenga baada yao. Yetu ilikuwa nyumba pekee iliyoinuliwa msingi ipasavyo, maana mwenyewe alikuwa fundi. Maji yalikuwa yakifika kidato cha pili cha ngazi yetu yakasimama.

Na karo letu lilikuwa halijai. Hilo lilikuwa gumzo la mtaa. Wenzetu kila baada ya muda walikuwa wakiita gari la kunyonya, likaja na mpira wake na uvundo wake, watu wakafunga madirisha. Sisi hatukuliita hata mara moja. "Karo la baraka hilo," walisema majirani, na baba akitabasamu akiangalia chini. Hata siku ya hitima yake kuna mtu aliyesimama kumsifia, akataja uungwana wake, sala zake, na karo lake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata tulikuwa mimi na mama. Nilipokuwa chuo cha ualimu, tulisoma habari za maji ya chini ya ardhi: jinsi jiwe lililotoboka linavyoyapitisha maji bila kuyachuja, hata kinachoingia kwenye tundu huku kikaibuka kwenye kisima kule. Nakumbuka nilikuwa nakula karanga. Niliweka karanga chini. Visima vya mtaa mzima vilinijia mbele ya macho, kimoja kimoja, na ndoo zake na kamba zake. Nikafunga kitabu. Nikajiambia nikipata nafasi nitasema. Nafasi nilizipata nyingi. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani kwa mama, na nilikuwa naendelea kupata nafasi.

Masika ya mwaka ninaousimulia yalianza ndani ya Ramadhani. Ilinyesha siku nzima, ikapumzika kama mtu anayemeza mate, ikanyesha tena. Siku ya Idi watu walisali ndani ya maji ya vifundo vya miguu. Baada ya Idi sahani yote ikajaa. Nyumba za chini zilionekana zimekatwa nusu, na maji hayakuwa yale ya mayungiyungi aliyoyasimulia bibi. Yalikuwa meusi, juu yake zinaelea nepi za watoto na chupa na kuku aliyevimba. Makaro yote ya mtaa yalikuwa yameshafurika na kuungana na maji, isipokuwa letu.

Bibi alihamishia kitanda chake juu ya matofali. Friza yake tuliibeba tukaiweka barazani kwetu, na kila asubuhi alikuwa akikunja kanga yake mpaka magotini, akayavuka maji na fimbo, akaja kukaa na mama. Choo chake kilikuwa hakiingiliki tena. Akawa anatumia chetu. Kila siku nilimwona bibi yule anapita uani kwetu na kopo mkononi, anaingia, anatoka, anamwambia mama, "Ahsante, Mungu amrehemu mumeo, choo kikavu kama hichi hakuna mtaa mzima." Mama alikuwa anajibu "Amin" bila kumtazama.

Siku moja, ilikuwa baada ya alasiri, nimerudi kutoka skuli nasafisha matope ya viatu kwenye ngazi, bibi akatoka uani akaketi juu ya kidato kilicho juu yangu. Tangu nilipoajiriwa alikuwa ameliacha jina langu akiniita kwa kazi yangu.

"Mwalimu."

"Naam, bibi."

"Nnakuuliza. Weye si ndo unosomesha mambo ya ardhi na maji?"

"Ndo mimi."

"Basi hebu nambie. Koo la ziwa likowapi sasa? Mie nshazeeka, na haya majumba yamenipoteza. Nakumbuka lilikuwa upande wenu huu huu, palikuwa na mpera, lakini mpera wenyewe siuoni. Wallahi lingepatikana tukalikohoza, maji haya siku tatu nyingi."

Ndani, mama alikuwa anatwanga kitunguu thomu. Nikasikia mchi umesimama.

Nilikuwa na neno mdomoni. Sijisingizii ujinga, wala sijisingizii kwamba niliduwaa. Nililipima. Nililiona zege likivunjwa, choo chetu kimekaa wazi mbele ya mtaa mzima, watu wamejaa uani wanaziba pua, wanatazamana, wanahesabu miaka ambayo mama zao wamekunywa maji ya visimani. Nililisikia jina la baba linavyotajwa. Na niliona aibu, aibu ya kitoto kabisa, ya choo.

"Bibi, hayo mambo ya zamani," nikamwambia. "Siku hizi maji yanakauka kwa jua tu. Mvua zikikatika, wiki mbili hizi utaona yamekwenda zake. Subiri tu."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, sijui aliniona kiasi gani.

"Haya mwanangu," akasema. "Weye ndo ulosoma."

Mchi ukaanza tena kutwanga.

Mvua zilikatika, na maji hayakwenda popote. Jua lilipiga juu yake yakaanza kutoa povu. Wiki ya pili watu wakaanza kuugua, mmoja mtaa wa nyuma, wawili karibu na msikiti, na watu wa afya wakaja na mabuti na dawa za kutia visimani, wakitembea nyumba kwa nyumba na sheha, mkuu wa mtaa wetu. Neno lenyewe hakuna aliyetaka kulitamka. Watu walisema "maradhi ya tumbo." Alfajiri moja nilikwenda kumpelekea bibi uji kwa sababu hakuwa amekuja jana yake, nikamkuta juu ya kitanda chake cha matofali, shuka imeloa yote, macho yameingia ndani, ngozi ya mikono yake ukiibana inabaki imekunjika. Alikuwa akijaribu kujifunika nisimwone uchi. Nilimbeba mgongoni nikavuka naye maji. Hakuwa na uzito. Njiani aliniomba radhi mara mbili kwa kunichafua.

Walimpokea kwenye kambi ya wagonjwa waliyoifungua watu wa afya, wakamtundikia maji, wakaninyunyizia dawa miguuni wakaniambia niende nyumbani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa shamba huko kaskazini, alifika adhuhuri. Bibi alifariki siku ya pili kabla ya jua kusimama. Waliofariki kwa maradhi yale hawarudishwi nyumbani. Waliomuosha walikuwa watu wa kambini, wakamkafini na kumfunga kwenye nailoni, na wakamzika wanaume wachache waliovaa glavu. Bibi aliyeuzia barafu vizazi viwili vya mtaa ule hakupitishwa mtaani kwake. Mkeka wa matanga tuliutandika barazani kwetu, kwa sababu kwake palikuwa na maji.

Siku ya tatu, wageni walipoondoka, nilimwambia mama kwamba nakwenda kwa sheha.

Mama yangu hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti. Alikuwa anakunja mkeka, akaendelea kuukunja.

"Unakwenda kumfukua babako," akasema.

"Nakwenda kulifungua koo."

"Ni hilo hilo. Miaka thalathini na kitu mimi nimelala na jambo hili, weye unajiona umelibeba peke yako? Kila nikisikia mtu anaharisha mtaa huu nilikuwa nnasimama uani naangalia ile zege. Nilimwambia babako. Nilimwambia, akalia. Ulitaka nifanye nini? Nimtangaze?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba baba alilia. Nilisimama nikiwa nimeshika mlango. Nilimkasirikia mama, kisha nikamhurumia, kisha nikakumbuka ni nani aliyeulizwa na bibi lile swali, na hasira zikakosa pa kwenda.

"Mama, wapo watoto mtaa huu," nikasema.

Akaketi juu ya ule mkeka uliokunjwa. 

"Kama huna budi," akasema mwishowe, "basi sema umelisoma. Sema umetazama maji, umepiga hesabu zenu hizo, ukajua liko wapi. Babako usimtaje. Sema tulijenga bila kujua. Hilo tu nakuomba, na sitakuomba tena kitu."

Mama naye sasa keshatangulia, na hakuniomba tena kitu kweli, hata maji alipokuwa mgonjwa alikuwa akinyoosha mkono kuyafuata mwenyewe. Ndiyo maana leo naweza kuandika.

Nilikwenda kwa sheha na karatasi. Nilimchorea sahani ya mtaa wetu, mteremko wa kila upande, mahali uchafu unaoelea unapojikusanya, na nikamwambia kwa lugha ya skuli kwamba kwa mujibu wa mteremko na aina ya jiwe, panapaswa pawe na tundu la kupitishia maji, na hesabu zinaangukia uani kwetu. Uongo wote ulikuwa kwenye neno hesabu. Vingine vyote vilikuwa kweli. Sheha, mtu mwema, mwenye kuchoka, alivua miwani akaitazama karatasi, akaivaa akaitazama tena.

"Chooni kwenu, mwalimu?"

"Chooni kwetu."

"Na mama karidhia?"

"Karidhia."

Walikuja wanaume sita na mitaimbo na nyundo kubwa, siku ya pili asubuhi, wamefungwa kamba viunoni kamba imeshikwa na wengine. Walibomoa kwanza choo, kisha ukuta wa ua, maji yakaingia uani. Zege la baba lilikuwa gumu. Fundi mmoja kijana alisimama kufuta jasho akasema aliyemwaga hii alikuwa anajua kazi, na mama, aliyekuwa dirishani, akaondoka dirishani. Walipiga mpaka saa nne. Zege lilipopasuka ukatoka uvundo ambao sitauelezea, watu wakarudi nyuma wakitema mate. Kisha maji yakaanza kuzunguka. Koo likaguguma, likanyamaza, likaguguma tena kama mtu anayesukutua, na nepi na chupa na majani yakaanza kuvutwa kuelekea kwetu kutoka mtaa mzima. Wanawake walisimama na reki wakizitoa takataka zisilizibe. Hakuna aliyeziba pua kwa dharau. Hakuna aliyehesabu visima. Walikuwa wanacheka. Walikuwa wanapiga vigelegele.

Siku ya tatu ardhi ilionekana. Palibaki matope, na alama nyeusi ya maji kwenye kuta zote kwa usawa mmoja. Visima vilizidi kutiwa dawa, na maradhi hayakuongezeka tena. Na mimi nikawa mtu mkubwa. Nikipita, wazee waliokuwa wakiniita mtoto wa fundi waliinuka kunipa mkono. "Elimu hiyo!" wakisema. "Kakaa na karatasi na kalamu, kalipata!" Mwalimu mkuu alinitaja mbele ya wanafunzi wote mstarini. Kulikuwa na baba mmoja aliyesema binti yake atasoma jiografia atake asitake. Nilikuwa nainamisha kichwa, nao wakiona ni unyenyekevu.

Baada ya wiki mbili binti wa bibi alikuja na mkokoteni kuichukua friza ya mama yake. Tulimsaidia kuiteremsha kwenye ngazi, mama kashika upande mmoja na mimi mwengine. Ilipokuwa imeshafungwa kamba, alirudi barazani akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, watu wamenihadithia," akasema. "Nilikuwa sina uso wa kuja kukushukuru. Umembeba mama yangu mgongoni, na bado ukakaa ukalitafuta hilo tundu ili wengine wasife."

Nikamwambia hakuna la kushukuru.

"Lipo. Unajua nilikuja kumchukua? Ile wiki ya mwanzo maji yalipopanda, nilikuja na gari kabisa nimpeleke kwangu shamba. Akakataa. Akanambia, mwalimu kasema maji haya yanakauka kwa jua, wiki mbili tu, nisubiri. Nikamwambia mama, mwalimu kajuaje? Akanigombeza. Akasema mwalimu hasemi kitu asichokijua." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. "Sikulaumu, Wallahi sikulaumu, wakati ule ulikuwa hujalijua. Elimu Mungu huitoa kwa siku yake. Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu, na azidi kukufungulia."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mlangoni. Nilimsikia ameacha kupumua. Yule dada alikuwa bado ameushika mkono wangu, ananitazama usoni, anangoja niitikie dua yake.

"Amin," nikasema.